Hotuba ya Mwenyekiti: Msimamizi wa Mirathi Siyo Mrithi



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka 10. Tulianza wachache, na sanduku moja la kufuli tatu. Leo tungeweza kusema habari za hisa na faida tu, lakini tumekubaliana tuseme habari za mirathi, maana akiba ya miaka 10 inaweza kupotea kwa wiki moja ya matanga.

Katika mwaka wetu wa tatu mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Kabla matanga hayajaanuliwa aliitwa kwenye kikao cha ukoo, akaambiwa atie dole gumba kwenye karatasi. Alidhani ni orodha ya rambirambi. Kumbe ni muhtasari wa kumpendekeza shemeji yake awe msimamizi wa mirathi. Mwaka haukuisha, shemeji akauza nusu ya kibanja, ile yenye migomba ya kulisha watoto. Sisi tulijua kuhesabu hisa, lakini hakuna aliyejua la kumwambia. Ndipo tukaanza kuuliza.

Je, msimamizi ndiye mwenye mali? Hapana, jamani. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni katika miezi 4. Akifanya ujanja, mrithi aende kulalamika mahakama ile ile, nayo inaweza kumwondoa. Tena mjane mwenyewe anaweza kuomba kuwa msimamizi. Siyo lazima awe shemeji.

Je, mtoto wa kike ana haki kwenye shamba la ukoo? Jambo hili lilianzia hapa hapa kwetu Kagera. Mwaka 1988 Bi Holaria Pastory wa Muleba aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake akamshitaki, akisema mwanamke hana ruhusa kuuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilisema ubaguzi huo unapingana na Katiba. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekataa mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Je, basi mjane yuko salama? Bado. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mjane mwenye watoto hana fungu, atatunzwa na watoto wake. Kwa hiyo tusingoje msiba. Tukipima shamba, hati ya kimila iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Na wosia uandikwe.

Je, wosia unaandikwaje? Kwa upande wa mila, anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua awe na wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wenzetu Waislamu wana mafungu yao: mjane hupata thumni mume akiacha watoto, robo asipoacha, na wosia hauzidi theluthi ya mali. Waume zetu mliopo hapa, kuandika wosia siyo kujichuria kifo. Ni kuwaondolea watoto ugomvi.

Sasa mtauliza, yule mwenzetu aliishia wapi? Tulichanga nauli, tukamsindikiza mahakamani zamu kwa zamu, hata wakati wa kupanda maharage. Shemeji aliondolewa. Nusu ya kibanja iliyobaki ameshika yeye na watoto. Nusu iliyouzwa haijarudi mpaka leo.

Yupo hapa, ndiye aliyewapikia chai hii. Ametupa ruhusa tuyaseme haya, na neno lake ni moja: usitie dole kwenye karatasi ambayo hujasomewa na mtu wako mwenyewe.

Kuanzia mwezi huu, kila mwanachama ataandika kwenye daftari la kikundi vitu alivyo navyo na mahali hati zake zilipo. Katibu ataanza na sisi viongozi.