Potwe, Pomboo na Kasa: Maneno ya Bahari katika Utalii wa Visiwani



Neno mtalii halikuzaliwa ufukweni. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma kwa makini, kupitia maandishi, kulichungua jambo hadi kulielewa. Na kitenzi talii kiliingia katika Kiswahili kikiwa na maana hiyo ya kuchunguza na kutafuta habari. Kwa asili yake, basi, mtalii ni msomaji. Kwamba leo neno hilo humleta akilini mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba chini ya mwavuli wa makuti ni badiliko la maana ambalo mwanaisimu hana sababu ya kulilalamikia, maana maneno husafiri kama watu. Hata hivyo, asili hiyo inazua swali linalostahili kuulizwa: mtalii anapokwenda visiwani kuogelea, kupanda ngalawa na kutazama wanyama wa bahari, anasoma nini, na anasomewa kwa lugha ya nani?

Swali hili si la mapambo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Idadi hiyo ikiwekwa kando ya ile ya wavuvi, manahodha na wanawake wachokoao pweza, ambao ndio wenye msamiati mpana zaidi wa bahari katika Kiswahili, inaonekana wazi kwamba mazungumzo kuhusu bahari sasa yana wasikilizaji wapya wenye fedha. Kijana wa pwani ambaye babu yake alimfundisha majina ya samaki ili asile chenye sumu, leo hujifunza majina ya samaki haohao kwa Kiingereza au Kiitaliano ili apate kazi. Hakuna wa kumlaumu. Lakini isimu ina wajibu wa kuangalia ni kitu gani kinachopotea njiani, na ni kitu gani kinachoongezeka.

Mfano ulio bora kuliko yote unapatikana Mafia. Katika maji yaliyo mbele ya Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi, huonekana samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wenyeji humwita potwe, au papa potwe kwa ukamilifu. Ngozi yake ina madoadoa meupe, kinywa chake ni kipana mno, na chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo anavyovichuja majini. Sayansi ya Ulaya ilimpa jina mwaka 1828, baada ya mmoja kuvuliwa Afrika Kusini. Waingereza, kwa kushindwa kuamua wamlinganishe na nani, walimpachika majina mawili kwa pamoja, la papa na la nyangumi. Sasa jina hilo la Kiingereza limeanza kurudi Mafia kwa mlango wa nyuma: katika matangazo na tafsiri za haraka hukutwa "papa nyangumi", kana kwamba Kiswahili hakikuwa na jina la mnyama huyu hadi alipotajwa na wageni.

Tafsiri sisisi ya namna hii ina makosa mawili. La kwanza ni kwamba inakwenda kinyume na uainishaji wa wenyeji. Kwa Mswahili wa pwani nyangumi ni nyangumi na papa ni papa. Potwe ni papa wa aina yake, kama alivyo papa upanga au papa pingusi, na hakuna haja ya kumwazimia ukubwa kutoka kwa mnyama mwingine. La pili ni zito zaidi. Neno potwe limebeba ujuzi. Mvuvi wa dagaa wa Mafia anajua kwamba potwe hupita palepale zinapotupwa nyavu za dagaa, kwa kuwa wote wawili wanafuata riziki moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya kunasa ishara za sauti chini ya maji, ulionyesha kwamba potwe wa Mafia hawahami kama ilivyodhaniwa; hubaki katika maji ya karibu, ila katika miezi mingine hujitenga na pwani na kukaa mahali wasipoonekana kwa urahisi. Mtafiti wa lugha anayesoma matokeo hayo hujiuliza ni maneno gani ya wavuvi kuhusu nyendo za potwe yangeweza kukusanywa mapema, kama kungekuwa na mtu wa kuyakusanya.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, nako kuna somo jingine, na hili ni la sarufi. Mahali hapo panajulikana kwa wanahistoria kwa sababu ya msikiti wake wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijiria, yaani 1107. Kwa wageni wengi, hata hivyo, Kizimkazi ni mahali pa pomboo. Zamani wanyama hawa waliwindwa hapo, na nyama yao ikatumika kuwa chambo cha kuvulia papa. Tangu miaka ya 1990 wamekuwa chanzo cha mapato wakiwa hai. Kinachouzwa ni "kuogelea na pomboo". Kiunganishi na katika Kiswahili kina tabia ya kuwaweka wawili katika tendo moja kwa ridhaa: mtu huongea na mwenzake, hula na mgeni, husafiri na ndugu. Lakini mashua kumi zinapolizunguka kundi moja la pomboo na watu kujitupa majini mbele yao, tendo lenyewe si la ushirika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba pomboo wa Kizimkazi, mashua za watalii zinapokuwa karibu, hupunguza muda wa kupumzika na wa kutafuta chakula na kuongeza muda wa kusafiri. Kitenzi kinachofaa hapo ni kufukuza. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kumweka mwanadamu mahali pake: kutazama, kuangalia, kunyemelea, kuvizia, kukimbiza. Tangazo huchagua kimoja, na uchaguzi huo ni wa kimaadili hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Pana pia suala la kuzama. Kiswahili hutofautisha kuogelea, kupiga mbizi na kuzamia. Katika lugha ya mitaani, hata hivyo, mzamiaji ni yule aliyejificha melini asafiri bila tiketi, au aliyeingia harusini bila kualikwa. Tangazo linalowakaribisha "wazamiaji kutoka nchi zote" humfanya msomaji wa Dar es Salaam atabasamu. Utatuzi si mgumu, kwani wapiga mbizi wapo tangu zamani na jina lao halina doa. Kwa yule anayeelea juu huku akitazama matumbawe kwa miwani na mrija, Kiswahili bado hakina neno moja lililokubalika, na pengine hakilihitaji. Maelezo marefu yaliyo wazi ni bora kuliko istilahi iliyotungwa ofisini na watu wasiolowa maji.

Kwa upande wa kasa, Kiswahili kina utajiri ambao lugha kadhaa za Ulaya hazina. Kasa ni wa baharini na kobe ni wa nchi kavu, ilhali Mtaliano na Mjerumani hutumia neno moja kwa wote wawili, kisha huongeza maelezo. Ndani ya kasa wenyewe yumo ng'amba, ambaye gamba lake lilikuwa bidhaa ya biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, na jina lake ndilo jina la bidhaa hiyo. Mgeni anayepelekwa Juani, jirani na Mafia, kuwaona vitoto vya kasa vikitoka mchangani na kukimbilia maji angefaidika kuelezwa hayo. Badala yake, mara nyingi huambiwa jina la Kiingereza na idadi ya mayai.

Kisiwa cha Changuu, kilicho mbele ya Mji Mkongwe, kinaonyesha jinsi jina linavyoweza kuipindua historia. Wageni hupelekwa huko kuwaona kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwa Kiingereza huambiwa wamefika Kisiwa cha Gereza, na picha hupigwa kwa huzuni iliyokusudiwa. Jengo la gereza lilijengwa kweli katika miaka ya 1890, lakini halikupata kutumika kwa kazi hiyo. Kisiwa kilitumika kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Jina Changuu, ambalo kwa kawaida huhusishwa na samaki, halina hadithi ya kuuza, na ndiyo maana limeachwa kwa manahodha.

Nguva ndiye mwenye mkasa wa kusikitisha kuliko wote. Mnyama huyu mpole, alaye majani ya baharini na kunyonyesha watoto wake, alikuwa akipatikana katika pwani hii kwa wingi zaidi kuliko sasa. Leo wachache mno wamesalia, hasa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Jina lake, kinyume chake, linazidi kutumika. Limehamia kwa kiumbe cha hadithi, mwanamke mwenye mkia wa samaki, na mtoto wa mjini akiulizwa nguva ni nini atamchora huyo. Kwa kawaida kitu kikitoweka jina lake hufifia taratibu. Hapa jina limepata mwenyewe mwingine kabla ya wa kwanza kufa. Mtunga kamusi anayeandika kitomeo cha nguva ana jukumu la kutanguliza maana ya mnyama, na kuieleza kwa urefu.

Neno jingine linalostahili kutuliwa ni hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994, na ina eneo la kilomita za mraba 822. Upande wa Zanzibar, miamba ya Chumbe ililindwa kisheria mwaka 1994, Ghuba ya Menai mwaka 1997, na msitu wa Jozani, makazi ya kima punju ambaye kwa asili hapatikani popote duniani ila Unguja, ulifanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Katika kila eneo, neno hifadhi lilimfikia mwananchi likiwa tayari limevaa sare. Lilimaanisha mstari usiovukwa na nyavu zinazokamatwa. Lakini neno hilohilo, madrasani, lina maana tofauti kabisa: kuhifadhi ni kukiweka kitu moyoni neno kwa neno, kiasi kwamba hakihitaji tena kuandikwa. Aliyehifadhi Kurani hakuizungushia uzio. Kama waliotayarisha mikutano ya vijijini wangeanzia kwenye maana hiyo, mjadala na wavuvi ungeanzia mahali pengine. Sheria ya mwaka 1994 iliandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania yamefungua mlango, lakini kutafsiri sheria ya bahari kunahitaji mtu anayejua tofauti ya mwamba na tumbawe, na anayeelewa kwamba mpaka uliochorwa kwa kipimo cha ramani hausomeki kwa mtu anayepima kwa bamvua na maji mafu.

Maji yenyewe ni mwalimu. Mgeni afikaye pwani ya mashariki ya Unguja maji yakiwa yamekupwa hudhani amedanganywa: bahari aliyoilipia imeondoka, na mahali pake kuna mchanga, mwani na wanawake wanaotembea mbali kwa miguu. Tofauti kati ya maji makuu na maji madogo wakati wa bamvua hufikia karibu mita nne. Wanawake hao hawatembei kwa burudani. Kilimo cha mwani kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980 na wao ndio nguzo yake. Msamiati wa kujaa na kupwa, wa bamvua na maji mafu, wa kaskazi na kusi, ndio ungemweleza mgeni kwa nini ngalawa yake itaondoka saa fulani na si nyingine. Maneno haya hayapatikani katika orodha za "Kiswahili kwa watalii", ambazo hutosheka na jambo na hakuna matata. Fungu hili la mwisho lilisambazwa duniani na wimbo wa bendi ya Mombasa katika miaka ya 1980, kisha na filamu ya mwaka 1994. Halina kosa la sarufi, ila mtu wa pwani hulisema kwa nadra isipokuwa mbele ya mgeni.

Yapo yanayoweza kufanywa bila kusubiri fedha za wafadhili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na toleo lake la 2004, pamoja na Kamusi la Kiswahili Fasaha la mwaka 2010, zimeyaorodhesha mengi ya majina ya bahari, lakini fasili nyingi huishia kwenye "aina ya samaki". Fasili hiyo haimsaidii mwongoza watalii, wala mwanafunzi, wala mvuvi. Kiti cha pweza ni jina zuri mno kuachwa bila maelezo ya umbo lake na mahali akaapo. Kima punju naye anangojea mtu wa kuchunguza uhusiano wa jina lake, linaloelezwa na wenyeji kwa maana ya sumu, na bunju, samaki mwenye sumu. Sauti zinafanana, lakini kufanana kwa sauti hakutoshi kuwa ushahidi wa asili moja.

Wanafunzi wa shahada ya uzamili hutafuta mada kila mwaka, na wengi huishia kuhesabu viambishi katika matini ambazo zimekwisha hesabiwa. Mada moja ipo Kilindoni, nyingine Kizimkazi na Jibondo, kwa wazee ambao bado wanaweza kutaja sehemu zote za ngalawa, kuanzia omo hadi tezi, na foramali, demani na ndubi katikati, na wanaojua potwe hupita wapi. Kazi hiyo inahitaji daftari, kinasa sauti, na mtu aliye tayari kuamka alfajiri maji yanapoanza kujaa.