Mawe Haya Yana Maana Gani?

Somo: Yoshua 4:1-9



Mgeni mmoja kutoka Ulaya alitutembelea hapa Voi, akatusimulia habari za likizo yake. Alisafiri kwa meli katika Mto Volga, nchini Urusi, wakishuka mji hata mji kutazama makanisa na mambo ya kale. Penye mji wa Kalyazin aliona mnara wa kengele umesimama peke yake majini. Mnamo 1939 na 1940 serikali ya Kisovieti ilijaza bwawa la Uglich, na sehemu ya kale ya mji ikazama. Kanisa lilibomolewa, mnara ukabaki. Hata leo apitaye huuliza, "Hapa palikuwa na nini?"

Kisha mgeni akatugeukia. "Na ninyi, Injili ilifikaje hapa?"

Tulimwonyesha mlima wa Sagalla, tukasema kwamba mmisionari J. A. Wray wa CMS alifika kule mwaka 1883. Akauliza tena, "Ni nani waliompokea? Waliogopa nini? Kwa nini waliamini?" Hapo tulinyamaza.

Tulinyamaza kwa aibu. Katika parishi yetu alikuwapo mzee aliyeyasikia mambo hayo kwa babu yake. Zaidi ya mara moja alituita, "Njoni na daftari, niwaambie." Nasi tukamjibu, "Jumapili ijayo, mzee." Kulikuwa na vikao, kulikuwa na harambee ya mabati. Jumapili ile haikufika. Siku ya mazishi tulisoma tarehe ya kuzaliwa kwake na majina ya watoto wake. Yale mengine tuliyafukia pamoja naye.

Wapendwa, sisi hatuna mto wa kupitisha meli. Mto Voi miezi mingi ni mchanga mtupu. Lakini tuna Sagalla. Tuna mapango ya Taita yenye mafuvu ya wazee wetu. Hapa Voi tuna makaburi ya askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Wageni hutoka mbali kuyatazama. Sisi twapita kila siku tukienda sokoni, wala hatuulizi.

Bwana alipowavusha Israeli katika Yordani, aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto, ili watoto watakapouliza wapewe jibu. Angalieni, jiwe halisemi. Kazi ya jiwe ni kumfanya mtoto aulize. Kazi ya kujibu ni ya mzazi. Mzazi asipojua, mawe yale ni mawe tu. Vivyo hivyo kanisa lenye mabati mapya, lakini lisilo na mtu wa kusimulia matendo ya Mungu.

Basi juma hili tumtafute mzee mmoja: bibi, babu, au mwinjilisti aliyestaafu. Tuchukue daftari, tena twende na mtoto. Tumwulize, "Mungu alikuvusha wapi?" Kisha tuketi, tusitazame saa. Tusiseme Jumapili ijayo.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa yale tuliyoyaacha yazikwe. Utupe masikio ya kusikia wazee wetu wangali hai, na vinywa vya kuwaambia watoto wetu matendo yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.