Watoto Wadogo kwenye Meli ya Alaska

Msikilizaji, huenda uko Seattle au Vancouver, na familia imeshapanga safari ya meli ya utalii kwenda Alaska. Msimu wake ni kiangazi, lakini usidanganyike. Mwezi Julai mjini Juneau joto la mchana huwa kama nyuzijoto 18 za Selsiasi, na mvua ni jambo la kawaida. Meli ikiingia kwenye ghuba ya Glacier Bay, upepo unaoteremka kutoka kwenye barafu hupenya hata sweta nzito.

Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko wewe. Wewe unatembea sitahani, yeye amekaa tuli kwenye kigari chake. Mvalishe tabaka tatu: fulana ya sufu inayoshika mwili, sweta, kisha koti lisilopitisha maji. Nguo za pamba zisiguse mwili wake, maana zikilowa hukaa na maji na kumpoza. Tia mkono chini ya kola, umguse shingo. Ukihisi ubaridi, au akilegea na kusinzia kuliko kawaida yake, mwingize ndani mara moja. Usingoje atetemeke, mtoto mchanga hatetemeki kama mtu mzima.

Kabla ya kulipa, uliza umri wa chini unaoruhusiwa. Kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi 6. Uliza pia habari za bwawa, kwani mtoto wa nepi kwa kawaida haruhusiwi kuingia. Na siku ya kwanza, kwenye zoezi la dharura, dai jaketi la kuokolea maisha la saizi ya mwanao, umvalishe palepale uone kama linamkaa.