Kutafuta Jengo la Kiwanda kwa Kampuni Inayokua: Umeme na Mzigo Kabla ya Kodi

Mada kwa semina ya wasindikaji wa nafaka, Dar es Salaam



Wengi wetu tulianza kusaga na kufungasha unga uani. Sasa oda zimezidi uwezo wa ua, majirani wamechoka na kelele za kinu, na TBS, iliyopokea usajili wa majengo ya chakula kutoka TFDA mwaka 2019, inataka malighafi na unga uliokwisha kusagwa visipishane mlango mmoja. Kwa hiyo tunatafuta jengo. Dalali anakuja na picha kwenye simu, nasi swali letu la kwanza ni kodi. Ombi langu leo ni kwamba kodi iwe swali la mwisho.

Nianze na umeme, maana huko ndiko fedha nyingi hupotelea. Dalali atakuambia umeme wa njia tatu upo. Huenda ni kweli, lakini kuwepo kwa nyaya si sawa na kuwepo kwa nguvu ya kutosha. Chukueni mota ya kilowati 22. Ikikimbia na mzigo kamili huvuta takriban ampea 40 kwa kila njia. Ikiwashwa moja kwa moja, bila kile kifaa cha kuanzishia ambacho mafundi hukiita sta-delta, kwa sekunde chache huvuta mara tano hadi saba ya kiwango hicho, yaani ampea 200 na zaidi. Transfoma ya kVA 100 imetengenezwa kubeba ampea 144 hivi kwa kila njia, na kwenye mitaa yetu hiyo hiyo moja inahudumia nyumba, saluni na mchomeleaji wa mageti. Taa za majirani zinafifia, mota inanguruma bila kushika kasi, na siku moja koili zinaungua oda ikiwa nusu.

Basi kabla ya kuingia ndani ya jengo, simama chini ya nguzo usome kVA iliyoandikwa ubavuni mwa transfoma. Nenda ofisi ya TANESCO ya eneo hilo uulize mzigo uliokwisha kuwekwa juu yake. Rudi na fundi wako jioni, watu wakiwa majumbani, apime volti. Ukiambiwa ulete transfoma yako, gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya jengo, kwa sababu siku ukihama hutaondoka nayo. Kumbukeni pia kwamba mwenye matumizi ya zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi huingia kundi la T2, ambako hulipii uniti peke yake. Unalipia pia kilele cha mahitaji yako kwa kVA. Hapo kupanga zamu za mashine kunapunguza bili.

Jambo la pili ni njia ya mzigo. Lori lenye tela la futi 40 lina urefu wa mita 16 hivi pamoja na kichwa chake, na linahitaji mahali pa kugeuzia. Tuseme jengo la kwanza kodi yake ni shilingi milioni 2 kwa mwezi, lakini lori linaishia barabara kuu. La pili ni milioni 3 na lori linaingia hadi mlangoni. Tani 30 za mahindi ni magunia 600 ya kilo 50. Kuyahamishia kwenye maguta kwa shilingi 500 kila gunia ni shilingi 300,000 kwa lori moja. Ukipokea malori manne kwa mwezi, jengo la "bei nafuu" limeshafika milioni 3.2, na bado hujahesabu magunia yaliyochanika wala yaliyonyeshewa.

Mvua nayo ina hesabu yake. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu ya aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ghala lililoko bondeni karibu na Msimbazi, lenye sakafu inayotoa jasho wakati wa masika, litawaharibia mzigo ulionunuliwa ukiwa safi. Ukaguzi wa jengo ufanyike mvua ikinyesha.

Wapi pa kutafuta? Mitaa ya viwanda ya SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, kama ule wa Vingunguti, ilikusudiwa viwanda tangu mwanzo, na mafundi wa mashine wako jirani. Nafasi haipatikani kila mara, lakini naamini ndiko pa kuulizia kwanza. Maeneo ya EPZ yalipangiwa wenye kuuza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa, kwa hiyo hayamfai anayeuza Manzese na Tandika. Kibaha na Mkuranga kuna uwanja mpana; huko pigeni hesabu ya nauli za wafanyakazi kabla ya kushangilia kodi.

Mkataba wa mwaka mmoja kwa mashine ya mkopo wa miaka mitatu ni hatari kubwa. Mwenye jengo anajua kung'oa kinu ni ghali, na mwaka wa pili atapandisha kodi anavyotaka. Dai muda usiopungua mkopo wako, kiwango cha ongezeko kilichoandikwa, na haki ya kwanza ya kupanga banda la pembeni likiachwa wazi. Haki hiyo ina faida kuliko kupanga leo jengo kubwa litakalojaa baada ya miaka kumi. Andikeni pia nani anabeba ile asilimia 10 ya kodi ya zuio ambayo kampuni hukata kwenye pango na kuipeleka TRA. Wenye majengo wengi hutaka fedha yao kamili, na ugomvi huanzia hapo. Hakikisheni kwenye hati kwamba matumizi ya kiwanja yanaruhusu kiwanda.

Kwa kikao cha mchana, naomba kila mmoja aje na vitu viwili: kilowati zilizoandikwa kwenye kibao cha kila mota yake, na idadi ya malori aliyopokea mwezi uliopita. Tutapiga hesabu ya jengo la kila kampuni hapa hapa, kabla mtu hajamlipa dalali.