Viatu vya Gari Letu: Namna ya Kuchagua Matairi ya Kudumu Huku Ziwani

(Haya ni maneno tuliyoyasema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia mjini Kisumu. Tumeyaandika ili na wale ambao hawakufika wayapate.)



Tumeombwa tuseme juu ya matairi. Tumeona wengine wakicheka. Wanasema, mambo ya matairi si ni ya dereva na fundi? Sisi wanakamati kazi yetu ni pesa. Sisi pia tulisema hivyo hivyo. Basi tusikilizeni kwanza.

Kikundi chetu kiko Nyakach, chini kule kwenye tambarare. Tulichanga pesa miaka sita, tukauza mchele na mboga, mpaka tukapata Land Cruiser kuukuu. Gari hilo hupeleka mchele Ahero na Kisumu. Usiku ndilo hubeba wagonjwa. Matairi yalipokwisha, dereva wetu aliomba mapya manne. Kamati tukakaa, tukatazama daftari, tukasema pesa hazitoshi. Tukaenda tukanunua manne ya mtumba. Meno yake yalikuwa marefu, meusi, yanang'aa. Tulirudi nyumbani tukijipongeza kwamba tumeokoa pesa za wanachama.

Mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, mama mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa saa saba usiku. Kabla hatujafika kwenye lami ya Katito, tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Tukafunga spea. Spea yenyewe ilikuwa kipara, kwa sababu tulisema spea ni ya kukaa tu. Gari likateleza, likaketi kwenye matope mpaka tumbo. Mama yule alibebwa kwa kitanda, na mtoto akazaliwa kando ya barabara, gizani, chini ya mwavuli.

Tunashukuru, mama na mtoto wako hai. Lakini mpaka leo, tukimwona mtoto yule akikimbia sokoni, sisi wanakamati huangalia chini. Dereva hakutulaumu hata siku moja. Hilo ndilo lilituuma zaidi.

Asubuhi yake tuliosha lile tairi, tukasoma maandishi ya ubavuni. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Weusi wake ulikuwa wa dawa ya kupaka tu. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza, na tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea.

KWANZA: JUENI NJIA YENU

Hakuna tairi moja linaloshinda kila mahali. Kabla ya kwenda dukani, kaeni chini mwandike gari lenu linapita wapi.

Huku Kano na Nyakach tuna udongo mweusi. Kiangazi ni mgumu kama saruji, una nyufa. Mvua ikinyesha unakuwa gundi. Unajaza nafasi za meno mpaka tairi linakuwa laini kama chungu. Hapa mnataka meno makubwa yenye nafasi pana, ili tairi likizunguka litupe matope nje.

Kule Mbita, Gwassi na vilima vya Homa, adui ni mawe. Mawe hayali meno tu, hukata ubavu, na ubavu uliokatwa hauzibwi. Hapa mnataka ubavu mnene na mgumu.

Ukienda Lambwe utakutana na miiba ya migunga. Na ninyi mnaobeba samaki kutoka bichi za Usenge au Asembo, mnaujua mchanga. Mchanga hautaki meno makali, kwa sababu huchimba shimo na gari linazama. Unataka tairi linalokanyaga kwa upana.

Halafu jiulizeni: katika kila safari, lami ni kiasi gani? Wengi wetu tuna kilomita kumi za matope na arobaini za lami. Hilo ndilo linaloamua.

PILI: AINA TATU ZA MENO

Aina ya kwanza ni ya lami, huandikwa H/T. Meno yake ni madogo, yamekaribiana. Kwenye lami hudumu na hayapigi kelele, lakini kwenye udongo mweusi ni bure.

Aina ya pili ni ya njia zote, huandikwa A/T. Hufanya kazi vizuri kwenye murram, mchanga na lami, na matope kiasi.

Aina ya tatu ni ya matope, huandikwa M/T. Meno yake ni makubwa kama ya trekta. Kwenye matope ni bingwa. Lakini kwenye lami hulia, hula mafuta zaidi, huisha haraka, na lami ikilowa breki hazishiki vizuri.

Vikundi vingi vya huku, kwa maoni yetu, vitafaidika na A/T yenye ubavu mgumu. M/T tunawashauri wale tu ambao safari yao kubwa ni matope. Msidanganywe na sura. Kijana atapenda tairi la kutisha, lakini tairi si la kutisha watu, ni la kufika.

TATU: SOMENI UBAVU WA TAIRI

Dukani muuzaji atasema maneno matamu. Ninyi ombeni tochi, msome.

Ukubwa. Land Cruiser na Land Rover nyingi za kazi huvaa 7.50R16. Hiyo 7.50 ni upana kwa inchi, na 16 ni inchi za rimu. Zingine husema 265/70R16: upana ni milimita 265, urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Herufi R maana yake nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Aina hiyo haipati joto jingi na hudumu zaidi kuliko ile ya zamani yenye nyuzi za mshazari.

Mzigo. Tafuteni namba kama 112 au 116. Hizo si kilo. Ni namba za siri: 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120, na 116 ni kilo 1,250. Gari la kubeba magunia lisivae tairi la gari la harusi. Matairi ya mizigo huonyesha pia nguvu za plai, 6, 8 au 10. Nane ni kiasi kizuri kwa gari la kikundi.

Umri. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho. Zikisema 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Likipita miaka sita, mlikague kila mwaka. Likifika kumi, litoeni hata kama meno yapo. Tungalijua hili, yule mama angalifika.

Tena kumbukeni: kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza Firestone na baadaye Yana kilifungwa mwaka 2016. Siku hizi matairi mapya mengi hutoka nje ya nchi, kwa majina ambayo baba zetu hawakuyasikia. Ndiyo sababu ya kusoma ubavu na kudai risiti yenye garanti, badala ya kuamini jina.

NNE: HESABU YA PESA

Mweka hazina, toa kalamu. Tufanye mfano tu. Tairi moja ni shilingi 8,000, na linakwenda kilomita 15,000. La pili ni shilingi 20,000, linakwenda kilomita 50,000. Gawanyeni. La kwanza linakula senti 53 kwa kila kilomita. La pili linakula senti 40. Sasa lipi ni rahisi? Na hapo hatujahesabu pancha, wala mchele ulioloa njiani, wala usiku ule.

Nendeni mkaandike bei za kweli za duka lenu, mfanye hesabu hiyo mbele ya wanachama wote. Sisi siku ile hatukufanya. Tulilinganisha bei tu.

Kama pesa hazitoshi matairi matano, msikimbilie mtumba. Anzisheni akiba ya matairi: kila safari, kabla ya kugawa faida, wekeni fungu kando. Haba na haba hujaza kibaba.

TANO: MAMBO YA KUKATAA

Kataeni tairi kipara lililochongwa meno mapya kwa kisu cha moto. Kinachochongwa ni ule mpira mdogo unaofunika nyuzi.

Kataeni kuchanganya ukubwa. Gari la kuvuta magurudumu manne likivaa matairi yasiyolingana, kwenye lami kavu giaboksi hupigana na yenyewe mpaka inavunjika. Yote manne yawe ya ukubwa mmoja, na meno yaliyoisha sawasawa.

Kataeni kubadilisha ukubwa kwa fahari. Tairi kubwa mno husugua bodi, na spidomita hudanganya.

Kuhusu tyubu, msiseme ni mambo ya kale. Fundi wa kijijini huziba tyubu kwa kiraka na pampu ya mguu. Tairi lisilo na tyubu huzibwa kwa utambi bila kulitoa rimuni, nalo halimwagi upepo ghafla likichomwa na mwiba. Yote ni mazuri, mradi rimu ilingane na tairi na dereva abebe vifaa vyake.

SITA: KUTUNZA

Tairi zuri bila upepo sawa ni pesa iliyotupwa. Nunueni geji yenu wenyewe. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, na mfuate kibao kilicho mlangoni mwa gari. Upepo ukipungua na mzigo ukizidi, tairi hupata joto, ubavu hukatika.

Kwenye matope au mchanga, dereva anaweza kupunguza upepo, tuseme kutoka paundi 35 hadi 20, ili tairi likanyage kwa upana. Lakini aende polepole, na akifika lami ajaze tena kabla ya kukimbia. Kwa tairi la tyubu apunguze kidogo tu, maana tyubu huteleza ndani na kung'oa valvu.

Kila kilomita 10,000, badilisheni nafasi za matairi, na spea iingie kazini. Meno yakibaki milimita 1.6 tairi limekwisha. Sisi wa matope tusingoje huko: yakifika milimita 4, anzeni kutafuta mengine kabla ya mvua za Machi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NENO LA MWISHO

Leo gari letu limevaa A/T tano, plai nane, za ukubwa mmoja. Tulichukua miezi minane kuzipata. Miezi hiyo gari lilikaa likipandwa na kuku, na wanachama wengine walitutukana. Tulivumilia. Mwaka 2024, ziwa lilipojaa na mafuriko yakaingia Nyando, lilibeba watu na vitanda vyao, likarudi kila siku kwa magurudumu yake.

Na jambo moja zaidi: siku hizi dereva anakaa kwenye kamati. Anayekanyaga matope ndiye anayejua viatu.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu hupita njia gani zaidi: matope, mawe, mchanga au lami?
2. Matairi yetu, pamoja na spea, yana umri gani? Nani atakwenda kuyasoma leo?
3. Tunaweka kiasi gani kando kwa kila safari?
4. Je, tunamsikiliza dereva wetu kabla ya kununua?