Nani Atamsindikiza Kazini?



Nimeombwa nizungumzie fedha za umma na ajira ya watu wenye ulemavu. Mada ni pana, nami nitaibana. Nitawasemea wale ambao hata sisi tunaohubiri ujumuishi huwasahau: vijana wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, na baadhi ya wenye mtindio wa ubongo. Katika picha za mikutano yetu yupo mwenye fimbo nyeupe, yupo wa kiti cha magurudumu, na akipewa kipaza sauti anajitetea vizuri kuliko mimi. Hawa wengine wamebaki nyumbani na mama zao.

Kwa maandishi hatujapungukiwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. (Asilimia 3 ya 20 haifiki hata mtu mmoja; mwajiri mjanja keshaona pa kutokea.) Lakini katika kata yetu ya Ipililo, kata ya wakulima wa pamba, choroko na mtama, mwajiri wa watu 20 ni nani? Ukiondoa serikali na viwanda vya kuchambua pamba, sheria hiyo inapita juu ya vichwa vyetu.

Inayotugusa ni mikopo isiyo na riba. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya hoja za ukaguzi, ukarejea 2024 kwa utaratibu mpya, na jirani zetu wa Itilima wakawa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribu njia ya benki. Tukipiga hesabu ya mfano, halmashauri yenye mapato ya shilingi bilioni 1 itatenga milioni 20 kwa watu wenye ulemavu wa wilaya nzima.

Kiasi ni kidogo, ila mimi kinachoninyima usingizi ni masharti. Mkopo unataka andiko la mradi, akaunti, sahihi. Sheria ya Mikataba inataka anayesaini awe na akili timamu. Afisa maendeleo ya jamii akiletewa kijana asiyeweza kujieleza, anairudisha fomu. Simlaumu sana, mkopo usiporejeshwa ataulizwa yeye. Ila Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 12 inaitaka serikali impatie mtu msaada anaouhitaji ili atumie uwezo wake wa kisheria. Kumrudishia fomu hakumo.

Tuchukue kijana wa kubuni, tumwite Masanja. Ana miaka 22, hasomi, hahesabu fedha. Msimu wa pamba mkalishe mbele ya kichanja. Mwanzoni atachanganya pamba safi na fifi, atasahau majani makavu, atanyanyuka na kuondoka. Akikaa naye mtu mmoja mvumilivu, akamwonyesha tonge moja jeupe na jingine lenye madoa, leo, kesho na keshokutwa, mkono wake utazoea. Baadaye mtu huyo atakuja asubuhi tu, halafu mara moja kwa wiki. Masanja atakuwa mchambuzi wa kutegemewa, kwa sababu kazi ileile ya kujirudia inayotuchosha sisi huenda ndiyo inayompa utulivu.

Huyo mvumilivu ndiye asiyekuwamo katika bajeti. Marekani ilianza kumlipa kwa fedha za serikali kuu kupitia sheria ya 1986. Uingereza inamgharamia kupitia mpango wa Access to Work, ulioanza 1994. Sisi tunavyo vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo na Luanzari, lakini Masanja akirudi kutoka huko, nani atasimama naye pale AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, wiki ya kwanza? Tumemwachia mama yake, ambaye naye ana shamba.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya ya ajira. Halmashauri ilipe posho ya huyo mvumilivu, yaani msindikizaji, kutoka fungu lake la kawaida, na mkopo ubaki mkopo. Kamati za watu wenye ulemavu za vijiji, ambazo sheria ya 2010 inazitaka, zimtafute msindikizaji huyo miongoni mwa vijana wa hapahapa, na zianze kwa kuwaandika kina Masanja wote wa kijiji.

Wazazi, bajeti ya halmashauri huanza Julai 1, na mipango yake huanzia vijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Kijana wako ni mjumbe kama wewe. Mwende naye, mkadai posho hiyo iandikwe kwenye muhtasari.