Swali Moja, Dakika Tatu: Kumsaidia Mgonjwa Kuacha Tumbaku

Mada kwa watoa huduma za afya wa Kata ya Mkolani, Jiji la Mwanza



Mgonjwa anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi huandikiwa kipimo cha makohozi ili kubaini kama ana kifua kikuu. Hilo ni sahihi. Hata hivyo, swali moja aghalabu husahaulika: je, anatumia tumbaku? Uvutaji huongeza takriban maradufu uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Kuyatibu mapafu na kuiacha sigara mfukoni mwa mgonjwa ni kutekea maji pakacha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini hutumia tumbaku. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Ibara ya 14 ya mkataba huo inahimiza huduma za kuacha tumbaku zitolewe ndani ya mfumo wa afya. Huduma hiyo huanzia kwa mhudumu anayekutana na mgonjwa.

Stadi inayofundishwa ina hatua tano, na mazungumzo yake yanaweza kuchukua dakika tatu hadi tano.

Kwanza, kuuliza kila mgonjwa bila kumhukumu: “Baba, unatumia tumbaku ya aina yoyote, sigara, ugoro au ya kutafuna?” Anayeona analaumiwa ataficha.

Pili, kushauri waziwazi, kwa kuhusisha ushauri na ugonjwa uliomleta.

Tatu, kupima utayari wake. Asiye tayari leo asifokewe. Aulizwe tena ajapo.

Nne, kusaidia. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani huenda akasema sigara humwondolea baridi na usingizi. Amri ya “acha” pekee haimtoshi. Apange naye siku ya kuacha, awaarifu jamaa zake, na aandae mbadala wa saa zile ngumu. Aelezwe pia kuwa hasira, kukosa usingizi na hamu kali huwa vikubwa katika wiki ya kwanza, kisha hupungua. Zipo dawa zinazosaidia, lakini zisipopatikana, ushauri bado una manufaa.

Tano, kupanga ufuatiliaji, hasa katika wiki ya kwanza. Mgonjwa wa kifua kikuu hurudi kliniki mara kwa mara kwa miezi sita. Kila hudhurio ni nafasi ya kumuuliza. Akirudia kuvuta, asionekane ameshindwa: wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kuacha kabisa.

Jibu la mgonjwa liandikwe kwenye jalada lake, ili mhudumu wa zamu inayofuata aendelee pale mwenzake alipoishia. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari iliyoongezwa na sigara ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa takriban nusu. Faida hiyo huanza na swali moja, na swali hilo halihitaji bajeti.